Vibonzo Vilivyohifadhiwa na Vilivyopotea

Maramba si mji wa maduka ya vitabu. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, uliokaa bara kidogo ya pwani, upande wa milima ya Usambara Mashariki, na wengi nchini wanaujua kwa ajili ya kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa kuliko kwa jambo jingine lolote. Kitabu kinachofika huko hufika kwa basi kutoka Tanga, ndani ya mkoba wa mwalimu au wa kijana anayerejea nyumbani, na kabla ya kufika kimekwisha chaguliwa na mtu aliyezihesabu fedha zake mara mbili. Kwa mnunuzi kama huyo, kuuliza ni mkusanyo upi wa vibonzo unaostahili kununuliwa si mchezo wa wenye nafasi. Ni suala la kujua kitu gani kitakaa rafuni kwake na kusomwa na wanawe, na kitu gani kitakuwa karatasi ya kufungia karanga kabla ya mwaka kwisha.

Lakini si haki kuidhania nchi hiyo kuwa ni ngeni wa chapa. Maramba ilikuwa sehemu ya wilaya ya Muheza kabla Mkinga haijafanywa wilaya peke yake katika miaka ya 2000, na ni huko huko Muheza, katika misheni ya Magila, ndiko wamisionari wa UMCA walikochapa Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Haukupita muda mrefu, shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikawa na gazeti lake, Kiongozi, lililoendelea hadi Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na kurasa zake za mashairi zikawa uwanja ambao malenga wa mrima na wa bara walikutana bila ya kuonana. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa miongoni mwao.

Shairi la gazetini na kibonzo cha gazetini ni ndugu. Vyote viwili hukaribishwa na mhariri palipobaki nafasi, vyote viwili husomwa siku hiyo hiyo kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na vyote viwili vinategemea jambo ambalo kila mtu analijua wiki hiyo na hakuna atakayelijua baada ya miaka kumi. Tofauti yao ni moja. Shairi lilipata watu wa kulikata kwa mkasi na kulinakili daftarini. Kibonzo kiliwachekesha wote na hakikupata mtunzaji.

Hapa inafaa kumkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa sababu habari zake ni kipimo kizuri cha mkusanyo wowote. Muyaka alitunga katika zama za ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, na alifariki dunia mwaka 1840. Tungo zake hazikuandikwa vitabuni naye. Zilikaa vichwani mwa watu. Kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuzieleza, na kama si mmisionari W. E. Taylor, aliyeziandika na kuzihifadhi, leo pangesalia mafumbo machache tu. Hichens alizitoa kwa kitabu mjini Johannesburg mwaka 1940, kisha Profesa Mohamed H. Abdulaziz akatoa chapa yake Nairobi mwaka 1979. Yeyote aliyevisoma vitabu hivyo viwili anajua kwa nini cha pili ndicho cha kununua. Abdulaziz hakutoa beti tu. Alieleza nani alikuwa akiambiwa nini, mji ulikuwa katika hali gani, na neno fulani lilikuwa likimgonga nani. Shairi la majibizano likinyimwa tukio lake hubaki vina na mizani, na kibonzo kikinyimwa tukio lake hubaki mtu mwenye pua kubwa.

Kwa kipimo hicho, hasara ya kwanza kubwa ni Chakubanga. Mhusika huyo aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, gazeti la TANU, alikuwa mtu wa shamba aliyetupwa katikati ya mji. Alitembea katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, mjini kukiwa na ofisi nyingi, foleni nyingi na maneno makubwa mengi, naye akayapokea yote kwa mshangao wa mtu asiyejua kwamba anachekesha. Jina lake lilienea hata ikawa mtu akiona mchoro wowote wa kuchekesha anauita chakubanga. Ni heshima ambayo hata washairi wakubwa hawakuipata. Hakuna anayeliita kila shairi shaaban. Hata hivyo, anayetaka kumsoma Chakubanga kwa utaratibu, tangu kuzaliwa kwake, hana budi kwenda kukaa mbele ya majalada ya magazeti makuukuu maktabani na kufungua ukurasa baada ya ukurasa. Kwa mtu wa Maramba hiyo ni safari ya Dar es Salaam, malazi na ruhusa ya kazi. Juzuu moja tu, lenye tarehe chini ya kila mchoro na mistari miwili ya maelezo, lingekuwa kitabu cha historia ya Ujamaa kilicho bora kuliko vingi vilivyoandikwa kwa lugha kavu.

Tarehe hizo si pambo. Chukulia mchoro wa mtu anayevizia usiku, kabeba mabunda ya sabuni na nguo mpya, anakwenda kuyatupa mtoni. Kijana wa leo atadhani ni mwendawazimu, au mwizi aliyejuta. Ukiandika chini yake 1983, aliyeishi zama hizo atacheka na pengine kunyamaza kidogo, kwa kuwa ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, mwaka ambao mwenye bidhaa nyingi nyumbani aliogopa bidhaa zake mwenyewe. Herufi hazikubadilika wala mstari haukubadilika. Tarehe ndiyo iliyouleta mchoro.

Kisha lipo Sani. Jarida hilo lilizaliwa katika miaka ya 1970 kwa mikono ya Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake limeunganishwa kutokana na silabi za mwanzo za majina yao mawili. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge, watu ambao kwa kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili walikuwa majirani kuliko majirani wenyewe. Mchoraji aliyewapa uhai zaidi ya wote ni Philip Ndunguru, aliyefariki dunia mwaka 1986 angali kijana. Wachoraji wengine waliwapokea wahusika na kuendelea nao, na baadhi yao walikuwa hodari. Lakini ilitokea kwa Sani kama inavyotokea kwa utenzi uliomaliziwa na mtu mwingine. Mizani inatoka sawa, na msikilizaji anajua mahali ambapo pumzi imebadilika.

Kwa mnunuzi, Sani ni mtihani. Nakala moja moja huonekana katika meza za vitabu vilivyotumika, na bei yake huwa ndogo, nayo inavutia. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya utamu wa jarida lile ulikuwa katika hadithi zilizoendelea toleo hadi toleo. Mwenye nakala moja ana katikati ya hadithi ambayo hajui ilikoanzia wala ilikoishia. Hakuna mpenzi wa mashairi ambaye angetoa fedha kununua utenzi uliokosa beti mia za mwanzo na mia za mwisho, hata kama beti zilizosalia ni lulu. Basi nakala ya pekee ya Sani inafaa kununuliwa kwa sababu moja tu: kuuona mkono wa Ndunguru, namna alivyomsimamisha mtu kwa mistari michache, bega moja juu na jingine chini, ukaijua tabia yake kabla hajafungua kinywa. Anayetaka hadithi ni heri asubiri mpaka apate nakala kumi au kumi na mbili zinazofuatana, hata kama ni kuukuu na jalada limetoka.

Pembeni ya vibonzo palikuwapo pia hadithi za picha za kamera. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Afrika Mashariki walimsoma mpelelezi Lance Spearman katika jarida la African Film, na Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, akajibu kwa jarida la Kiswahili la namna hiyo, Film Tanzania. Ni vitu vya kuonea fahari kwa mwenye kuvipata, lakini si vya kusomwa mara mbili. Picha za kamera za karatasi ile duni zimefifia, na yule mpelelezi na yule mhalifu sasa wana sura moja.

Kitabu ambacho kinaweza kununuliwa bila ya kusitasita ni Abunuwasi cha Gado. Godfrey Mwampembwa, ndilo jina lake kamili, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na akajipatia jina Nairobi, ambako alianza kuchora katika gazeti la Daily Nation mwaka 1992. Kitabu chake hicho kilitolewa mwaka 1996 na Sasa Sema, kampuni ya Nairobi iliyothubutu kuchapa vitabu vizima vya vibonzo kwa Kiswahili wakati ambapo wachapishaji wengine waliamini kwamba Kiswahili kinauzika shuleni tu. Uthubutu huo peke yake usingetosha kuwa sababu ya kununua, maana kitabu kibaya hakiwi kizuri kwa nia njema ya mchapishaji. Sababu ni kwamba Gado aliichukua hekaya iliyokwisha kuchoshwa na vitabu vya shule na kuirudishia hila yake.

Wapenzi wa mashairi wana haki ya kutulia kidogo kwa Abunuwasi. Mtu wa jina hilo aliishi kweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid na mwanawe al-Amin, aliyefariki dunia mnamo mwaka 814, bingwa wa mashairi ya mvinyo na ya mapenzi ambayo mashekhe wa kila zama wameyasoma kwa siri. Alipovuka bahari na kufika kwetu aliacha mashairi yake nyuma. Pwani ilimkaribisha kama mwerevu, mtu wa hila, aliyeazima sufuria kwa jirani na kuirudisha na sufuria ndogo, akidai kwamba kubwa imezaa. Kisha alipoiazima tena akadai kwamba imekufa, na jirani aliyekubali uzazi hakuwa na njia ya kukataa mauti. Mshairi akawa kicheko. Inaweza kusemwa kwamba ni kushushwa cheo, lakini inaweza pia kusemwa kwamba watu wa pwani walijua kilichokuwa ndani ya mashairi yale bila ya kuyasoma, kwani hila ya sufuria ni hila ya mshairi: kumfanya msikilizaji akubali neno la kwanza ili asiweze kulikimbia la pili.

Sasa, hekaya ya namna hiyo inategemea kunyamaza. Msimuliaji mzuri, baada ya jirani kuipokea ile sufuria ndogo kwa furaha, hunyamaza kidogo. Kitabu cha maneno matupu hakiwezi kunyamaza. Kinaweza tu kuanza aya mpya. Mchoraji anaweza. Anachora kisanduku kisicho na neno, uso tu wa mtu aliyefurahi kwa tamaa, na msomaji akasimama hapo kwa muda anaoutaka mwenyewe. Mstari wa Gado una ukali wa mchoraji wa magazeti, na baadhi ya watu wa pwani wataona kwamba majumba na mavazi yake ni ya Baghdad na ya Mombasa kwa pamoja. Hiyo si kasoro. Abunuwasi wa Kiswahili ameishi miji yote miwili kwa karne kadhaa.

Karibu na hicho kuna jambo la ajabu zaidi, ambalo wafasiri wangelichunguza kama wangekuwa na wakati. Baada ya filamu ya Titanic ya mwaka 1997 kufika mijini kwetu, Joshua Amandus Mtani alitoa Dar es Salaam hadithi ya picha ya Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic, kwa vipande vilivyofuatana. Hakuifasiri filamu kwa maana ya kufuata neno kwa neno. Aliisimulia upya kwa watu ambao wengine wao waliiona katika vibanda vya video bila ya kufahamu Kiingereza, na wengine hawakuiona kabisa. Mwenye dharau atasema ni uigaji. Lakini ndivyo walivyofanya watunzi wetu wa tenzi walipozipokea hadithi za vita vya Mtume kutoka Kiarabu: walichukua kisa, wakakipa mizani ya nyumbani, wakaongeza maneno ambayo mashujaa wa Bara Arabu hawakuyasema. Vipande vya Mtani vikionekana vyote pamoja ni vya kununuliwa. Kipande kimoja tu, ambamo meli haijazama bado, kina hasara ile ile ya Sani.

Upande wa kaskazini wa mpaka mambo yalikuwa tofauti kidogo. Maramba iko jirani na Horohoro kuliko na Dar es Salaam, na gazeti la Mombasa au la Nairobi si mgeni katika sehemu hizo. Humo ndimo Juha Kalulu wa E. G. Gitau alimochezea ujinga wake katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba kibonzo cha Kiswahili kikipewa ukurasa wa kudumu hakikauki. Frank Odoi naye, mzaliwa wa Ghana aliyefanya Nairobi kuwa kwake mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 2012, alimchora Akokhan, hadithi ya uganga na visasi yenye uzito ambao wachoraji wachache wa huku wameujaribu. Akokhan ni ya kununuliwa na mtu mzima, si na mtoto, na ni ya kununuliwa ikiwa kitabu. Katika gazeti kisa chake kirefu kilikatwa vipande vidogo mno.

Mikusanyo ya vibonzo vya siasa inahitaji tahadhari kuliko yote. Huchapwa vizuri, karatasi nzito, jalada la rangi, na mnunuzi huona kwamba amepata kitu cha thamani. Avifungue kurasa tatu za katikati kabla ya kulipa. Kama kila mchoro una tarehe, na jina la gazeti, na neno moja la kumkumbusha yule waziri alikuwa nani na alijiuzulu kwa nini, basi anunue hata kwa kujinyima. Kama michoro imepangwa kwa kupendeza macho tu, kubwa na ndogo, bila ya mwaka wala sababu, avirudishe. Miaka mitano baadaye hatamtambua nusu ya waliomo. Katika hili vibonzo vya Kipanya vya Ali Masoud, anayejulikana kwa jina la Masoudi Kipanya, vina bahati, kwa kuwa mnyama yule mdogo mara nyingi husema juu ya hali kuliko juu ya mtu, na hali zetu hubadilika polepole kuliko mawaziri. Kingo wa James Gayo naye hustahimili miaka kwa sababu kama hiyo. Alianza magazetini, akapata jarida lenye jina lake, na taabu zake ni taabu za mtu wa kawaida wa mwaka wowote.

Pana neno pia la kusemwa juu ya kitabu chenyewe kama kitu cha mkono. Karatasi ya gazeti ina asili ya kujila: hugeuka njano, kisha kahawia, kisha huvunjika kama mkate mkavu, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huiharakisha. Mikusanyo iliyochapwa kwa karatasi ya namna hiyo haidumu kuliko magazeti yenyewe, hata ikiwa imepewa jalada linalong'aa. Vitabu vilivyogandishwa kwa gundi tu huachia kurasa katika joto la masika ya pili. Vilivyoshonwa kwa uzi huvumilia. Rangi isimhadae mtu. Michoro mingi ya wachoraji wetu wa zamani ilichorwa kwa wino mweusi na kwa ajili ya wino mweusi, na rangi inayotiwa baadaye humeza ule mstari uliokuwa na thamani yote.

Tena kuna tamaa ya kununua mfululizo mzima kwa kuwa una namba. Wasomaji wa Shaaban Robert wanaijua. Baada ya kifo chake mwaka 1962 kazi zake zilitolewa na Nelson katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, juzuu kwa juzuu, na wengi waliumia nyoyo kwa kuikosa moja katikati, kana kwamba meno yameng'oka. Lakini namba haikufanya kila juzuu kuwa sawa na Maisha Yangu. Mwenye fedha za kitabu kimoja anunue kile atakachokisoma kila mwaka, na nafasi tupu rafuni isimtie haya. Kwa vibonzo hukumu ni hiyo hiyo, isipokuwa pale hadithi inapoendelea kutoka juzuu hadi juzuu, ambapo nafasi tupu ni shimo la kweli.

Na palipokosekana mkusanyo, msomaji anaweza kuufanya mwenyewe, kama malenga walivyofanya kwa madaftari yao. Mwenye nakala zinazofuatana za Sani au za jarida la Kingo azipange kwa tarehe, azipeleke kwa fundi anayeshona vitabu, na amwombe asizikate kingo kuzinyoosha, maana mara nyingi maneno ya pembeni hukatwa pamoja nazo. Barua za wasomaji, matangazo ya sabuni na ya shule za jioni, anwani za wanaotafuta marafiki wa kalamu, vyote vibaki ndani. Mtu atakayekifungua kitabu hicho baada ya miaka hamsini hatajua kwa nini Pimbi alichekesha mpaka aone sabuni iliyokuwa ikitangazwa ukurasa wa pili, na bei yake.